Soketi Inapopata Joto

Nimeishi katika vyumba vya kupanga jijini Dar es Salaam kwa miaka mingi, na nimeamini kwamba usalama wa umeme ni suala la haki kabla ya kuwa la ufundi. Soketi ya ampea 13, kwa volti 230, hubeba takriban wati 3,000. Birika la umeme na pasi kwenye ekstensheni moja huweza kuuvuka mpaka huo. Hilo liko mikononi mwa mpangaji. Lakini soketi ikipata joto, ikitoa cheche au kunuka plastiki iliyoungua, kasoro huenda imejificha ukutani, na ukuta ni wa mwenye nyumba. Hapo huzima swichi kuu na kudai fundi mwenye leseni ya EWURA, si kishoka. Mwenye nyumba mmoja alinijibu, “Tumia soketi nyingine.” Nilikataa, kwani moto ukianzia kwangu, utakula na vyumba vya jirani. Anayepokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo hana budi kubeba gharama ya fundi. Tuidai haki hiyo kwa maandishi, kabla ya kutia saini mkataba.