Moyo hausemi "sijambo"

Umewahi kumuuliza mzazi hali yake akakujibu "sijambo" huku anahema?

Marehemu mama yangu alikuwa hivyo. Moyo wake ulidhoofika, miguu ikavimba, na usiku alilalia mito mitatu ili apate pumzi. Aliwekewa pesimeka ya nyaya tatu, ile inayofanya pande mbili za moyo zisukume damu pamoja. Daktari aliirekebisha mama akiwa amelala kitandani. Nyumbani, alipopanda kilima kwenda sokoni, mambo yalikuwa mengine. Lakini kila kliniki jibu lilikuwa moja: "Sijambo, daktari."

Siku hizi zipo pesimeka zenye kihisio kwenye ncha ya waya ulio katika chumba cha juu cha moyo. Kihisio hicho hupima mtikisiko wa moyo unapopiga. Kila wiki pesimeka hujirekebisha yenyewe, ili chumba cha chini kisipige mapema wala kuchelewa, mgonjwa akipumzika au akitembea. Haimngojei aseme.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Kwetu kilitufichulia. Wewe ambaye mzazi wako yu hai, usitosheke na "sijambo". Mtazame miguu. Hesabu mito yake.