Kabla Hujafuta Yote

Jambo hili lilinipata mwaka 2006, nikiwa muuguzi kijana na mama wa mtoto mmoja. Katika mradi wa utafiti niliofanyia kazi, kila muuguzi alikabidhiwa kompyuta ndogo ya mkononi yenye mfumo wa Palm OS. Kila jioni tulipaswa kuiunganisha na kompyuta ya ofisini ili kumbukumbu zake zinakiliwe. Kwa siku sita sikufanya hivyo. Nilikuwa nawahi nyumbani kupika.

Asubuhi ya siku ya saba nikaiwasha. Ikaonyesha nembo yake, ikaganda hapohapo. Ndani mlikuwa na majibu ya akina mama 31.

"Umeiangusha wewe!" nilimfokea binti aliyetusaidia kazi za nyumbani. Akasema hajaigusa. Sikumsikiliza, nilimwambia afungashe nguo zake.

"Mke wangu, tulia," mume wangu alisema. "Nenda kwa fundi kwanza, kabla hujamfukuza mtoto wa watu."

Fundi wa mradi alinieleza njia tatu. Ya kwanza, unanyoosha kibanio cha karatasi na kubonyeza taratibu ndani ya kitundu kilicho nyuma. Mashine huanza upya na kumbukumbu hubaki. Tulijaribu, ikaganda tena. Ya pili, unabonyeza kitundu hicho huku umeshikilia kitufe cha kupandia juu. Hapo mashine huwaka bila kuziamsha programu za nyongeza. Ya tatu, unashikilia kitufe cha kuwashia. Hiyo hufuta kila ulichoweka, ndiyo maana huachwa mwisho kabisa.

Kwa njia ya pili, ikawaka! Fundi akatazama orodha ya programu. "Dada, mchezo huu umetoka wapi?"

Moyo ulinipiga paa. Jana yake mwenzangu alikuwa amenirushia mchezo huo kwa miale, mashine zetu zikitazamana. Niliupokea kwa mikono yangu mwenyewe. Tukaufuta, tukanakili kumbukumbu zote, na mashine ikawaka vizuri.

Niliporudi nyumbani, yule binti alikuwa ameketi mlangoni na mfuko wake. Nilimwomba msamaha mbele ya mume wangu, kwa kuwa nilimfokea mbele yake. "Yameisha, dada," alisema, akaenda kuinjika chai. Alikaa nasi miaka minne zaidi.

Mashine zile zimepitwa na wakati, lakini simu zetu nazo huganda. Nyingi zina njia ya kuwaka bila programu za nyongeza, na nyingine ya kufuta yote. Anza na iliyo nyepesi, na unakili kumbukumbu zako mapema. Na wewe mama mwenzangu, jambo likiharibika nyumbani, kabla hujamnyoshea mtu kidole, jiulize: mimi mwenyewe nimeingiza nini?