Bamvua Mbili, Kliniki Moja

Siku ya Idi nyumbani kwetu Mafia, bibi aliniwekea mbele sahani ya kashata za nazi. "Kula, mume wangu, huko Dar wanakukondesha." Nikacheka, waya za meno zikaonekana. Bibi akakunja uso, akauliza swali analoniuliza tangu siku nilipozifunga: "Mwanya hawajauziba?"

Wasio watu wa pwani wataona ni utani. Kwetu mwanya ni uzuri, watu huusifia mpaka kwenye nyimbo za harusi. Bibi anao, mama anao. Mimi sikubahatika. Nilipata meno yaliyopandana, moja la juu limetokeza mbele ya mwenzake kama abiria anayegombania siti ya daladala. Shule ya msingi waliniita Papa. Nikajifunza kucheka mkono ukiwa mdomoni, na tabia hiyo nikaja nayo hadi chuo.

Mwaka wa kwanza nilipokwenda mazoezi ya kufundisha, binti mmoja wa kidato cha pili alinyoosha mkono kwa adabu kabisa: "Mwalimu, ukiziba mdomo hatusikii." Usiku ule sikulala. Nasomea ualimu, kazi ambayo mtaji wake ni mdomo, na wangu naufunika.

Ndipo nikaamua kufunga waya. Boom lilitoa sehemu, nyingine akatoa mama. Mama yangu huvua pweza. Maji yakitoka sana, siku za bamvua, yeye na wenzake hutembea juu ya miamba na fimbo zao wakichokoa mashimo. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Kliniki yangu ni kila baada ya wiki nne hivi. Mama hakuandika popote, alisema tu: "Basi, bamvua mbili, kliniki moja."

Wengi tunadhani waya ndiyo inayonyoosha meno, wewe kazi yako ni kusubiri. Hata mimi nilidhani hivyo. Ukweli ni kwamba waya inasukuma tu, polepole. Upande jino linakoelekea, mfupa unayeyuka kidogo kidogo, na upande linakotoka mfupa mpya unajengeka. Ndiyo maana kazi huchukua mwaka mmoja na nusu, miwili, au zaidi. Muda wote huo kila jino limebeba brekiti, kile kipande kidogo kilichogundishwa juu yake, na kila brekiti ni kichaka cha kujificha mabaki ya chakula. Bakteria wanakula sukari iliyonasa hapo, wanatoa asidi, na asidi inalainisha jino. Waya inaweza kunyoosha meno huku wewe unayaozesha.

Mimi nilikuwa nayaozesha bila kujua. Ramadhani ile nilifungua kwa tende, nikafuata kaimati, chai ya sukari, kisha tambi. Kuanzia futari mpaka daku mdomo haukupumzika. Daku nikila, narudi kulala usingizi wa pono bila kupiga mswaki, nikijiambia nitapiga asubuhi. Asubuhi nimefunga, dawa ya meno naiogopa. Mchana kutwa mdomo mkavu, mate hakuna, na mate ndiyo yanayoosha meno yakiachwa yafanye kazi yake.

Sasa turudi kwenye sahani ya bibi. Nilichukua kashata, nikaing'ata kwa meno ya mbele. Kah! Brekiti imeng'oka, inaning'inia kwenye waya. Mafia nzima sikujua pa kupata daktari wa waya. Kesho yake nikapanda boti Kilindoni hadi Nyamisati, kisha basi hadi Mbagala, ncha ya waya ikinichoma shavu njia nzima.

Daktari hakuanza na brekiti. Alinipa kioo, akanionyesha madoa meupe kama chaki kuzunguka brekiti nne za juu. "Hapa jino linaanza kupoteza madini," akasema. "Ukiendelea hivi nitazifungua kabla ya wakati. Afadhali meno yaliyopinda na mazima kuliko yaliyonyooka na matundu."

Nilitoka nikakaa kituoni, daladala tatu zikapita. Nilikuwa nahesabu bamvua. Mama ametembea juu ya miamba mara ngapi? Nikampigia, nikamwambia kila kitu. Akanyamaza, kisha akasema: "Mwanangu, bahari naiweza. Lakini siwezi kuja huko kukupigia mswaki."

Tangu siku hiyo nina utaratibu, nao naugawa kwa wenzangu wenye waya, maana hapa chuoni tunaongezeka.

Mswaki ni baada ya kila mlo, na usiku kabla ya kulala hakuna msamaha. Tumia dawa yenye floridi. Piga juu ya waya ukielekeza brashi chini, kisha chini ya waya ukielekeza juu, halafu ingiza kile kibrashi chembamba kati ya waya na jino. Ukimaliza, tema povu, usisukutue kwa maji mengi, acha floridi ibaki kidogo. Ukiwa kwenye vimbweta na mswaki uko hosteli, sukutua angalau kwa maji ya chupa.

Misimu nayo ina mitego yake. Msimu wa embe, usiling'ate embe wala kufyonza kokwa, likate vipande. Embe mbichi yenye pilipili na ubuyu vina ukali, hivyo sukutua kwanza kwa maji na usubiri kama nusu saa ndipo upige mswaki, kwa sababu jino lililolainishwa na asidi linasuguliwa kirahisi. Mahindi ya kuchoma, pukuchua punje kwa vidole. Muwa, barafu na kashata ngumu, waachie wenye meno huru. Ramadhani, piga mswaki baada ya futari na baada ya daku kabla ya adhana, na utamu uule pamoja na mlo badala ya kudokoa usiku kucha. Kinachoumiza jino zaidi ni idadi ya mara unazolilisha sukari, kuliko ukubwa wa kipande.

Brekiti iking'oka usiivute. Ncha ya waya ikichoma, ifunike kwa nta wanayotoa kliniki, kisha wapigie simu kabla hujafunga safari. Mimi nilivuka bahari kabla ya kupiga.

Julai nilirudi kwenye mazoezi ya kufundisha, shule nyingine. Kipindi cha kwanza niliandika ubaoni maswali ya chemshabongo kuhusu meno. Mtoto ana meno mangapi ya maziwa? Ishirini, wakapata. Mtu mzima? Thelathini na mawili. Samaki gani ana meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, anakwangua matumbawe na kutoa mchanga? Wakakwama, nikawaambia ni pono, yuleyule anayesifika kwa usingizi. Swali la mwisho nililitoa nyumbani: samaki mkubwa kuliko wote duniani, anayeonekana kwetu Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi, ana meno au hana?

"Hana!" nusu ya darasa. "Anayo makubwa!" nusu nyingine.

Papa potwe ana maelfu ya meno, kila moja dogo kuliko punje ya mchele, na hatafuni nayo. Anafungua mdomo tu, anachuja vijidudu na visamaki vya baharini. Kijana wa nyuma akasema, "Kwa hiyo yeye hahitaji mswaki." Darasa likacheka, na mimi nikacheka. Nilipotulia niliona mikono yangu yote miwili iko mezani, mmoja umeshika chaki.

Madoa meupe bado yapo. Daktari anasema hayajaongezeka, na kwamba mengine huenda yakafifia na mengine yakabaki. Imebaki kama miezi minane, kisha nitavaa kifaa cha kushikilia meno yasirudi yalikotoka, na hicho nacho kina masharti yake. Mama bado anakwenda bamvua. Likizo hii nilimkuta anakausha pweza uani. Nilipomaliza kula nikaenda kupiga mswaki karibu na kisima. Bibi alikuwa kaa mkekani na tambuu yake, akaniangalia mpaka nikamaliza.

"Mara ya tatu leo," akasema. "Hayo meno au masufuria?"

"Meno, bibi. Ya mama."