Nyumba ya Baba Mdogo

Kwetu Kabanga, mpakani na Burundi, utajiri ni shamba la migomba. Kwa hiyo baba mdogo aliponunua mtumbwi wa mbao mwaloni Chato, ukoo ulimcheka: mtu wa milimani, mtumbwi wa nini?

Mimi nimelala humo. Nyuma amefunga turubai juu ya fito. Chini kuna mkeka, jiko la mkaa, sufuria moja na redio. Siku za mbalamwezi dagaa hawafuati taa, basi wavuvi hupumzika. Hapo ndipo raha ilipo: chai ya rangi, sato wa kuchoma, maji yakigonga mbao. Ziwa Victoria, kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, liko mlangoni bila kodi ya pango.

Sasa anataka kuuuza ili nimalizie ada ya uzamili. “Mwanangu, mbao huoza, elimu haiozi,” anasema.

Nimemwomba asubiri. Ada nitailipa kidogo kidogo kwa kufundisha masomo ya jioni. Lakini mtu aliyepata mahali pa kulala kwa amani akiwa na miaka hamsini, akishapauza, nani atamrudishia?