Leso Nyekundu Iliyopauka



Dada yetu ameolewa Sirisia, upande wa Bungoma, karibu na mpaka wa Uganda. Tulipomzuru baada ya Idi tulimkuta amekonda, mikono yamtetemeka, na macho yamemtoka kama mtu aliyeshtuliwa. Majirani walisema ni husuda. Nasi tulimsomea ruqya, kisha tukarejea pwani nyoyo zimetulia. Kusoma hakukuwa kosa. Kosa letu lilikuwa kukomea hapo.

Miezi mitatu baadaye alitupigia simu. "Kaka, nikiziba jicho la kulia, leso yangu nyekundu naiona imepauka."

Daktari wa macho alimweleza kwamba maradhi yake yalihusiana na tezi ya shingoni iitwayo thairoidi. Kinga ya mwili huishambulia tezi hiyo, ikashambulia pia misuli na mafuta yaliyo nyuma ya macho. Vikivimba, jicho husukumwa mbele. Na kwa wagonjwa wachache, neva ipelekayo habari za jicho kwenye ubongo hubanwa. Kufifia kwa rangi, hasa nyekundu, ni miongoni mwa dalili za mwanzo. Siku hizi kuna mashine inayopima kwa mwanga unene wa tabaka za retina, lile pazia la ndani nyuma ya jicho, bila ya kuligusa. Huweza kuonyesha mabadiliko hata kabla mgonjwa hajalalamika.

Elimu hii haikuanza jana. Ismail al-Jurjani, tabibu Mwislamu wa Uajemi, aliyahusisha macho yaliyotoka na uvimbe wa shingo katika karne ya 12. Robert Graves wa Dublin aliieleza hali hiyo mwaka 1835.

Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, na moshi wa sigara huzidisha madhara. Basi, mama zetu na dada zetu, mwenye dalili za tezi hiyo na azibe jicho moja, kisha la pili, akitazama kitu chekundu. Rangi zikitofautiana, asingoje. Aende kwa daktari wa macho upesi. Na zisipotofautiana, kipimo cha damu na cha macho bado ni haki yake.

Dada yetu alitibiwa, alhamdulillahi, lakini nuru ya jicho la kushoto haikurudi yote. Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Tangu hapo, kila ajaye kwetu na maradhi ya macho twamsomea, kisha twamuuliza: umekwisha kupimwa?

Mwenyezi Mungu atuhifadhie macho yetu. Amin.