Ukuta wa Chumba Chetu

Utamaduni wa taifa unapozungumzwa, fikra za wengi hukimbilia uwanjani kwenye ngoma au jukwaani kwenye mashairi. Ni wachache wanaoutazama ukuta wa chumba wanamoishi. Hata hivyo ukuta huo watoto wetu huusoma kila siku kabla hawajajua kusoma kitabu, na yafaa tujiulize tumewaandikia nini.

Watu wa pwani hawakuanza jana kupamba kuta. Katika nyumba za mawe za Lamu ya karne ya 18, mafundi walijenga zidaka za chokaa, safu juu ya safu, na wenye nyumba wakapanga humo bakuli na sahani za kaure kutoka Uchina. Nyumba ya Kariakoo haikuwa na fahari hiyo. Ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ua nyuma. Mpangaji alikuwa na chumba kimoja, pengine viwili, na ukuta wa udongo uliopakwa chokaa ambao hauvumilii misumari mingi. Kwa hiyo kila kilichotundikwa kilikuwa kimechaguliwa: picha ya Baba wa Taifa, picha ya arusi iliyopigwa studio, aya ya Kurani iliyotiwa fremu, au kalenda ya duka, ambayo ilibaki ukutani hata mwaka wake ulipokwisha.

Ajabu ni kwamba sanaa iliyozaliwa mjini mwetu ilitupita mlangoni. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam yapata mwaka 1968. Alitumia kipande cha hadibodi, mraba wa sentimita 60 hivi, na rangi ya kung'aa ya baiskeli, vitu ambavyo fundi yeyote wa mtaani alivijua. Lakini chui wake na ndege wake waliuzwa Oyster Bay, penye Morogoro Stores, na wanunuzi walikuwa hasa wageni. Alifariki mwaka 1972. Wanafunzi wake wakaendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Leo nyumba nyingi za udongo za Kariakoo zimebomolewa kupisha maghorofa, na madukani zimejaa picha zilizopigwa chapa ng'ambo, zenye maporomoko ya maji na milima ya theluji. Bei yake ni nafuu, hatumlaumu anunuaye.

Sisi tulinunua ya kwetu mwaka 1986, tukiwa bado katika chumba cha udongo. Ilikuwa picha ya kanga wawili wenye madoa meupe. (Wapo wasemao kuwa nguo ya kanga ilipata jina lake kwa ndege huyu, kwa madoa ya nguo za awali.) Jirani mmoja alituuliza kama tunafungua duka la watalii. Swali hilo lilituuma kuliko alivyokusudia, maana lilionyesha ni nani aliyedhaniwa kuwa mwenye picha hizi.

Mjomba wetu, aliyelala kwetu kila ajapo kutoka Rufiji, aliiona kabla hatujashika nyundo.

"Wanangu, nami nitasali wapi?"

Kibla cha Dar es Salaam ni karibu kaskazini kabisa, na ukuta wa kaskazini ndio uliokuwa mtupu. Tena wapo waumini wasiopenda picha ya kiumbe chumbani, popote itundikwapo. Hatukulichukua neno lake kuwa ushamba. Mgeni anunuaye picha huipeleka kwake, akatundika apendavyo. Sisi tulikuwa na chumba kimoja cha kulala, kula, kusali na kupokea wazee. Tulizungumza hadi usiku. Mwishowe kanga walipewa ukuta wa kusini, juu ya kabati, mgongoni mwa asaliye, na Mjomba akakubali bila kuridhika sana. Nyuma ya hadibodi tulibandika vizibo vinne ili hewa ipite, kwani wakati wa masika hunywa unyevu wa ukuta ikavimba pembeni.

Safari iliyofuata Mjomba alisali mbele ya ukuta mtupu, akakunja msala, kisha akageuka kuwatazama wale ndege kwa muda mrefu. Akasema mchoraji hajapata kuwinda. Kanga wa porini akisikia mtu hasimami hivyo. Huinamisha kichwa akakimbia.