Kumpeleka Mzee Katika Nyumba ya Wazee: Je, Ni Kumtupa?

Mwezi huu tunapenda kuongea juu ya jambo ambalo familia nyingi hapa Nakivale zinaogopa kulitaja. Mzee wenu yuko ng'ambo, nguvu zimemwishia, na walio naye wanapiga simu kusema wanamtafutia nyumba ya wazee. Sisi huku tukisikia neno hilo, tunalia kama waliofiwa.

Kwetu lilifika mwezi wa pili mwaka 2024. Babu yetu, mvuvi wa Fizi, alienda Marekani mwaka 2015 pamoja na mama mkubwa, katika mji wa Des Moines, jimbo la Iowa. Baadaye alipata uraia. Mama mkubwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama mchana, mume wake anafanya kazi usiku, watoto wako shuleni. Babu alishikwa na ugonjwa wa kusahau. Alianza kupoteza miwani, halafu majina. Mwishoni alitoka nje usiku bila viatu, theluji iko chini, akisema anaenda kuangalia nyavu zake ziwani. Polisi ndio walimrudisha.

Mama mkubwa akatupigia: "Daktari amesema Baba asiachwe peke yake hata saa moja. Ninyi mnasemaje?"

Tulikaa familia nzima. Mjomba alikasirika: "Muzee hatupwi! Tulimubeba mugongoni wakati wa vita, leo tumuache kwa wageni?" Mama yetu akamuuliza taratibu: "Ndugu yangu, mchana nani anabaki naye?" Mjomba akanyamaza. Mwishoni akasema basi mama mkubwa aache kazi.

Hapo maneno yakawa magumu. Mshahara wa mama mkubwa ndio unaolipa karo ya wadogo zetu watatu. Tukaulizana kwa ukweli: tukimkataza kuacha kazi, tunasema kwa ajili ya Babu au kwa ajili ya karo? Tukapatana kwamba tuongee kwanza kama vile karo haipo. Hata hivyo jibu halikubadilika sana. Mama mkubwa naye ana umri wa miaka 58, mgongo unamuuma, na mtu asiyelala usiku hawezi kulindwa na mtu mmoja mchana na usiku. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kabla ya kuchagua nyumba, aliuliza kama kuna msaada wa kumtunza Babu nyumbani. Kuna mpango wa namna hiyo, lakini aliambiwa asubiri, na Babu hakuwa mtu wa kusubirishwa. Aliuliza pia nani analipa. Wengi wanafikiri bima ya wazee inayoitwa Medicare inalipa yote. Sivyo. Hiyo inalipa matibabu ya muda mfupi tu baada ya hospitali, siku zisizozidi 100. Kukaa kwa muda mrefu kunalipwa na Medicaid, ile ya watu wa kipato kidogo, ukitimiza masharti yake. Masharti hayo hubadilika, kwa hiyo kila familia iulize upya.

Serikali ya huko huzipa nyumba hizi nyota, kuanzia moja mpaka tano, na mtu yeyote anaweza kuziangalia kwenye intaneti. Wakaguzi hufika bila kutoa taarifa, angalau mara moja katika miezi 15, na ripoti yao lazima iwekwe mahali ambapo familia inaweza kuisoma. Lakini nyota peke yake hazitoshi. Tulimwambia mama mkubwa aende mwenyewe, saa za chakula na pia Jumapili, siku ambayo wafanyakazi ni wachache. Tukamwandikia maswali yetu: kuna harufu gani? Mzee akibonyeza kengele, anangoja muda gani? Usiku wanabaki wahudumu wangapi? Wazee wamevaa vizuri, au wanashinda na nguo za kulalia? Babu ataongea na nani kwa lugha yake?

Aliona nyumba tatu. Ya kwanza ilikuwa nzuri kama hoteli, lakini mbali, na basi halifiki. Ya pili ilikuwa na nyota nyingi, ila kengele ililia mpaka yeye mwenyewe akaenda kumwita mhudumu. Ya tatu ilikuwa ya zamani, rangi imechakaa, lakini ni dakika kumi kwa mguu kutoka kwake, na wahudumu wawili wa usiku ni Wakongomani. Tulichagua ya tatu.

Mjomba alikubali kwa sharti moja: asipite hata siku moja bila mtu wa familia kumwona Babu. Waliandika zamu kwenye karatasi, wajukuu nao wamo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1987 inampa mzee haki ya kutembelewa na ya kulalamika bila kuadhibiwa, na kila jimbo lina mtetezi wa wazee wa kupokea malalamiko hayo. Familia inayofika kila siku huona mapema kidonda cha mgongoni au chakula kisicholiwa.

Jambo moja tunawaomba msichelewe. Karatasi ya kumpa mtu mamlaka ya kumsemea mzee husainiwa mzee akiwa bado na akili yake. Babu alikuwa amesaini mapema, na hiyo ilituokoa.

Hapa kambini nyumba kama hizo hatuna. Wazee wetu wako mikononi mwetu, na wengine wanabaki peke yao sisi tukienda shamba au kupanga mstari wa maji. Basi tukaulizane hapa hapa, kila mtaa: mchana nani yuko na mzee? Na ndugu aliye ng'ambo akipiga simu juu ya nyumba ya wazee, tusianze na lawama. Tumuulize swali hilo hilo, halafu tumsaidie kulijibu.